Nchi Ndogo Zinafungwa Stesheni

Kocha hakuweza kuzungumza mpira na mtu aliyesimama mlangoni. Alikuondoa kwanza, akakutafutia kigoda, ukakaa, ndipo akaanza. Alisema mtu wa mlangoni tayari yuko nusu safarini. Mimi sikuwahi kumsumbua kwa hilo. Nilikuwa na kibaraza changu pale kwetu Mabatini, na pasi ya mkaa, nikiwanyooshea wafanyabiashara mitumba yao kabla haijapelekwa sokoni. Katika miaka yote aliyokaa kwetu, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kuvuka ziwa kwa pantoni mpaka Kamanga kwenye msiba wa shangazi, nikarudi na pantoni iliyofuata kabla hata wali haujaiva. Kwa hiyo Kocha alinipenda sana. "Wewe ungekuwa na miguu ya kaka yako," aliniambia, "tungeshachukua Kombe la Dunia."

Miguu ya kaka yangu ndiyo iliyonikalisha kuandika haya. Kaka yangu Magesa alikuwa namba nane wa timu ya mtaa wetu, na kwa miaka mingi aliishi akiamini kwamba hakuna timu kubwa iliyowahi kumwita. Ilimwita. Kocha alijua, na mimi nilijua. Nitafika hapo. Lakini mtu huyu alikuwa na mambo mengi, na nikianza na hilo moja nitaishia kumtukana, na mama amenikataza kumtukana mtu mzima, hasa kwa maandishi, maana maandishi hayafutiki kwa shikamoo.

Imani yake ilikuwa moja tu. Mtu akisema kwamba nchi ndogo haiwezi kuchukua kombe kubwa, Kocha aliweka chini alichoshika, hata kama ni kikombe cha chai ya moto, na kuuliza taratibu: "Nani amekuambia?" Hakuhitaji jibu. Alikuwa anakupa nafasi ya kukimbia. Ukibaki, umejitakia.

"Nchi ndogo haifungwi uwanjani," alisema. "Uwanjani ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Brazili haingii na watu wake wote. Nchi ndogo zinafungwa stesheni. Mtoto wako anapopanda treni na begi lake, hapo ndipo umepigwa bao, na filimbi bado haijalia."

Stesheni aliyoisema ilikuwa hii yetu, ya treni ya Dar es Salaam. Aliichukia kama watu wengine wanavyochukia mahakama. Akiwa na jambo mjini, alizunguka njia ndefu ili asipite mbele yake. Kila mchezaji mzuri wa Mwanza aliyemlea tangu ujana wake alikuwa amepandia pale, na aliweza kukutajia kila mmoja, siku aliyoondoka na shati alilovaa.

Mbele ya kibaraza changu alikaa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mabaya. Huyo ndiye alikuwa mpinzani wa Kocha.

"Kocha, tazama ziwa," fundi alimwambia siku moja. "Sangara amewamaliza samaki wadogo. Mpira nao ni hivyohivyo."

"Dagaa wameisha?"

"Hawajaisha."

"Kwa nini hawajaisha?"

"Sijui. Mimi nashughulika na baiskeli."

"Kwa sababu wanakaa pamoja! Dagaa hatoki mmojammoja kwenda kutafuta maisha!"

Fundi alizungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka liliposimama. "Ndiyo maana tunawasha karabai," akasema, "tunawazoa gunia zima."

Kocha hakunywa chai mtaani kwetu kwa siku tatu.

Kwa kazi alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, enzi kiwanda kilipokuwa cha serikali na kilikuwa na timu yake, basi lake na mpishi wa timu. Kisha likaja lile neno jipya, kupunguzwa. Watu walipunguzwa kama vile walikuwa chumvi imezidi kwenye mchuzi. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, hakuna aliyetaka tena khanga ya kiwanda, na mimi, nawakumbusha, ndiye niliyekuwa nainyoosha hiyo mitumba ili ipendeze. Kocha alijua. Alikaa pembeni yangu kila siku akitazama mashati ya Wazungu yaliyomfukuza kazi yakipata mkunjo wa mkono, na hakuwahi kunisema. Mara moja tu alishika kola ya shati moja, akaisugua kwa vidole, akasema, "Pamba si mbaya," kwa sauti ya mtu anayemsifu aliyemchukulia mke.

Alipopunguzwa aliondoka na vitu viwili: mfuko wa nyavu na ufunguo wa sanduku la posta la timu. Hakuna aliyemdai ufunguo kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuudai. Basi sanduku lile likawa la mtaa. Ukimwandikia mtu wa upande wetu, uliandika "kwa mkono wa Kocha," na barua ilifika. Jumamosi baada ya mazoezi alisimama juu ya mfuko wa nyavu na kuzisoma bahasha kama anayetangaza kikosi: "Namba moja, Mama Sauda, kutoka Shinyanga! Namba mbili, fundi baiskeli, kutoka kwa watu anaowadanganya kwamba amekufa!" Asiyejua kusoma alisomewa pembeni, kwa sauti ndogo, na katika hilo Kocha alikuwa kaburi. Siri za mtaa mzima zilipita mikononi mwake na hakuna hata moja iliyotoka. Nalisema hili kwa haki yake. Mtu aliyetunza siri za watu wote ndiye tuliyemwamini na ya kwetu.

Uwanja wetu aliuchora mistari kwa majivu. Aliwazungukia akina mama wanaokaanga samaki asubuhi na debe lake, akawaomba majivu kwa heshima kama anayepeleka posa. Nyavu za magoli zilikuwa za kuvulia, zilizochakaa, alizoziunga mwenyewe kwa shazia ya mbao akiwa amekaa ndani ya goli, na mara nyingi tulikuta magamba ya samaki yamekauka kwenye uzi. Jezi zilitoka kwenye marobota ya mitumba. Zilikuwa za timu ya mbali tusiyoijua, na katika hizo kumi na mbili, nne zilikuwa namba tisa. Mimi nilibandua namba na kushona nyingine kwa vipande vya kitambaa cha kiwandani alivyokuwa amevihifadhi. Nane ya Magesa ilikuwa na maua ya khanga. Wapinzani walicheka kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili walikuwa wakiikimbiza.

Sijui nimwelezeje Magesa akicheza. Mimi si mtu wa mpira, mimi ni mtu wa nguo. Nitasema tu kwamba alipopata mpira, fundi baiskeli aliacha kuzungusha spana mfukoni.

Lakini ukitaka kumjua Kocha, ungemwona na redio. Alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Timu ndogo ikiwa inaongoza, ikifika dakika ya themanini, aliizima. Mwaka tisini, Kameruni ilipocheza na Uingereza kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia, tulikuwa tumejazana kwetu, Kameruni inaongoza mbili kwa moja, watu wameshikana mikono. Kocha akanyoosha kidole, akazima, akasema, "Asanteni, tumeshinda, tukalale." Watu walimrukia. Mama aliokoa redio, si yeye. Ilipowashwa tena Uingereza walikuwa wamesawazisha, na baadaye, katika dakika za nyongeza, wakamaliza kazi. Kocha hakukaa kusikia. Kesho yake mtu akitaja matokeo, alitikisa kichwa kwa huruma: "Mimi nilipoondoka Kameruni ilikuwa inaongoza. Baada ya hapo mlikuwa nayo nyinyi."

Tulicheka mwaka mzima. Sasa sicheki, kwa sababu ndivyo alivyofanya na maisha yetu pia: alipoona tunaongoza, akazima.

Miaka miwili baadaye Denmark waliitwa kwenye mashindano ya Ulaya dakika za mwisho, baada ya Yugoslavia kuzuiwa kwa sababu ya vita yao, na wale walioitwa kujaza nafasi wakaondoka na kombe. Kocha alitembea mtaani siku nzima akiwa amevaa suruali ya mazishi. Tangu hapo sifa kubwa kuliko zote ikawa "Leo umecheza Kidenmaki." Mama aliyepika ugali mzuri aliambiwa amepika Kidenmaki. Fundi alipoleta gazeti na kumwonyesha kwamba wachezaji kadhaa wa Denmark walikuwa wanalipwa na timu za nchi nyingine, Kocha alilisoma gazeti mpaka chini, pamoja na matangazo ya vifo, kisha akasema, "Waliitwa, wakarudi. Reli ina pande mbili."

"Mbona vijana wako huwaonyeshi upande wa pili?" fundi akauliza.

"Upande wa pili kwetu haujajengwa."

Na yeye mwenyewe alitoka wapi? Ukerewe. Alikuja Mwanza kijana, kwa meli kutoka Nansio, na sanduku la mbao kichwani, kutafuta maisha. Nilimkumbusha siku moja, kwa utani: "Kocha, Ukerewe nao walifungwa bandarini, siku ulipoondoka wewe." Alijitazama miguu yake. "Mimi sikuwa na miguu," akasema. "Nilikuwa na mdomo. Mdomo ruksa kusafiri." Na ajabu nyingine: mtu huyu aliyeilaani Dar es Salaam kila siku alikuwa mpenzi wa siri wa mojawapo ya timu zake kubwa. Jumapili jioni aliniazima redio, akainamia kama anayeungama, akarudisha akiwa na uso wa matokeo. Sikumtania. Nami nina yangu. Nasoma ramani.

Kisha ikaja Zambia. Hakuna mtu wa mpira wa miaka ile anayehitaji kuelezwa: timu yao ya taifa ilipanda ndege kwenda mechini, ndege ikaanguka baharini, ikabaki nchi bila timu. Kocha alizishusha nyavu zetu, akazikunja, wiki nzima hapakuwa na mazoezi. Wale wachache waliokuwa wakicheza Ulaya hawakuwamo katika ndege ile, na timu mpya ilijengwa kuwazunguka hao. Hilo lilimchanganya. Nilimsikia akilisema peke yake, huku anaunga uzi: waliobaki ni walioondoka. Alilirudia kama mtu aliyepewa hesabu isiyokubali.

Mwaka uliofuata Zambia hiyohiyo ilifika fainali ya Afrika na Naijeria. Ilitangulia kufunga mapema sana, hata chai haijamiminwa. Mkono wa Kocha ukaenda kwenye redio. Dakika ya tatu! Magesa akaushika mkono ule.

"Usizime, Kocha. Leo tusikilize mpaka mwisho, kama watu wazima."

Tukasikiliza mpaka mwisho, kama watu wazima. Naijeria mbili, Zambia moja. Kocha aliinuka, akashika mlango, akasimama palepale mlangoni, yeye aliyewaondoa wengine. "Kaka yako ndiye tuliyebaki naye," akaniambia. Hakusema "ndiye mchezaji." Alisema ndiye tuliyebaki naye.

Mwaka huohuo timu yetu ilifika fainali ya kombe la mkoa. Sisi wa Mabatini, wenye nane ya maua! Tulikuwa tukutane na timu ya kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, katika vile vilivyoota ufukweni soko la nje lilipofunguliwa. Wale walikuwa na viatu vipya, na kila mchezaji ana ajira. Kocha hakulala. Alisema hiyo si fainali ya mkoa, hiyo ni kesi, na inasikilizwa mara moja tu.

Wiki mbili kabla, alikuja na bahasha ya sanduku la posta. Ilikuwa adhuhuri, ninanyoosha jezi. Alifungua mezani kwangu kwa sababu ilikuwa ya kwake, imeandikwa kwa Kocha. Akaisoma kimya, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti tena, na hivyo ndivyo nilivyoishika kichwani. Ilitoka kwa ile timu ya Dar aliyoiungama Jumapili. Walikuwa wamemwona Magesa, jina lake lote na la baba, namba nane. Wanaomba Kocha amruhusu kwenda kujaribiwa. Aje na treni ya wiki ya kwanza ya mwezi ujao, aje na viatu vyake, mahali pa kulala papo. Wiki ya kwanza ya mwezi ujao ndiyo ilikuwa wiki ya fainali.

"Unataka aende?" Kocha akaniuliza.

"Mama hatapenda."

"Sijauliza mama."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu. Na nilichofikiria, Mungu anajua, ni chumba chetu: vitanda viwili, na kimoja kitupu. Nikafikiria nani atanisimulia mambo ya mjini jioni, ili mimi nisilazimike kwenda kuyaona.

"Sitaki," nikasema.

Kocha akashukuru, ndiyo, alisema asante. Akafungua kifuniko cha pasi yangu, akaikunja barua, akailaza juu ya makaa, akafunga. Moshi ukatoka kwenye matundu ya pembeni. Jezi zilikuwa bado nne. Nikanyoosha zote nne kwa moto ule.

Tulishinda. Nilitaka kusema tulifungwa, ingekuwa rahisi kuandika, lakini tulishinda moja kwa bila, na bao alifunga Magesa, kwa mguu wa kushoto ambao hata yeye alikuwa haukubali. Kocha alibebwa mpaka Mabatini. Alikuwa anapiga kelele juu ya mabega ya watu, "Nani amekuambia? Nani amekuambia?" na machozi yanamtoka, na nilipomwona hivyo nilifikiri: basi, ilistahili. Nilifikiri hivyo kwa usiku mmoja kamili.

Jumatatu asubuhi likaja gari la kiwanda cha samaki. Likasimama mbele ya fundi baiskeli. Akashuka bwana mmoja mpole, mwenye karatasi, akasoma majina manane kwa sauti nzuri kuliko ya Kocha. Ajira, buti nyeupe, chakula cha mchana. Nani angekataa? Magesa alikuwa wa kwanza kwenye karatasi. Alimwangalia Kocha kwanza, aruhusiwe. Kocha akaitikia kwa kichwa. Wakapanda nyuma ya gari wakiimba wimbo wetu wa ushindi, na timu ya Mabatini ikaishia hapo. Hawakuhitaji hata kwenda stesheni. Walipakiwa mlangoni.

Kocha aliondoka Mwanza mwaka uliofuata, akarudi kwao Ukerewe. Ufunguo wa sanduku alimwachia Mama Sauda. Hakuniaga.

Magesa aliichezea timu ya kiwanda misimu miwili. Kisha kiwanda kikasema timu ni gharama. Kisha Wazungu wakazuia samaki wetu wasiingie kwao, ajira zikageuka vibarua, na kaka yangu akawa mmoja wa wale wanaosimama getini mchana kusubiri zamu ya alasiri, anayewahi ndiye anayechaguliwa. Hakulalamika. Hilo ndilo lililokuwa linanila. Vijana wakimuuliza kwa nini hakucheza Dar, alijibu bila uchungu wowote, kama anayetaja kimo chake: "Mpira wangu mimi ulikuwa wa Mwanza. Ungekuwa wa Dar wangeniita." Hata alianza kuitetea hoja hiyo mbele yangu: kumbe mguu wa kulia ulikuwa mzito, kumbe kichwa hakupiga vizuri. Mwaka kwa mwaka alijipunguza mwenyewe, hapakuhitajika hata kiwanda.

Mwaka tisini na nane tulikwenda kuangalia Kombe la Dunia kwenye banda la video lenye dishi. Nilikwenda, ndiyo, ni mita mia mbili kutoka nyumbani. Kroatia, nchi ambayo katika ramani yangu ya shule haimo kabisa, ikamaliza ya tatu duniani. Watu walipiga makofi. Magesa akaniinamia, akasema kwa furaha ya kweli, "Unawaona wale? Wale karibu wote waliitwa na timu za watu."

Wiki ile nikapanda meli kwenda Nansio. Mama alilia, maana tangu ile ya Bukoba izame hakutaka kusikia neno meli. Nilitapika njia nzima, na ziwa lilikuwa limetulia kama sahani. Nilikuwa na jambo moja: Kocha aje, au aandike, amwambie Magesa kwamba aliitwa. Barua ilikuwa yake. Nilidhani neno lingekuwa na uzito likitoka kwake.

Nilimkuta juu ya jiwe nyuma ya nyumba ya dada yake, anaanika mihogo.

"Shikamoo, Kocha."

Alinyanyuka haraka sana kwa mtu mzee. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mama yako?"

"Mzima. Wote wazima."

"Basi umekuja kufanya nini? Wewe?" Akaniangalia miguu, kama kuhakikisha ni ya kwangu. Kisha akakumbuka. "Marahaba."

Nilianza na Kroatia, nimlainishe. Nilimweleza kama zawadi: nchi ndogo, imezaliwa juzi, ya tatu duniani. Alipanga vipande vya mihogo kwa mistari iliyonyooka.

"Ya tatu si kombe," akasema.

"Lakini wamekaribia. Wewe ndiye ulisema—"

"Nilisema mengi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawatachukua. Wakichukua, kesho yake watakuja watu wapole na karatasi. Nchi ndogo inaweza kupata Jumapili. Jumatatu si yake."

Nilidhani ananitania. Nilisubiri aulize nani ameniambia. Hakuuliza.

"Umeanza lini kufikiri hivyo?"

"Gari liliposimama pale kwa fundi."

Nikahesabu. Ilikuwa siku moja baada ya fainali. Miaka minne nilikuwa nimekaa kibarazani nikimlaumu mtu mwenye imani kali, na katika kumlaumu kwangu kulikuwa na heshima kidogo, kwamba kaka yangu alitolewa kwa ajili ya kitu ambacho angalau mwenyewe anakiamini mpaka leo. Angekuwa bado anakiamini ningerudi na hasira tu. Ningeiweza hasira. Lakini alikuwa amekiacha Jumatatu ileile, makaa ya pasi yangu yakiwa hayajasahaulika, akaondoka zake, akatuachia sisi tuendelee kukilipia.

"Mwambie Magesa," nikasema. "Anajiona hafai. Mwambie tu kwamba aliitwa."

"Nitamwambia nimemchoma kwa ajili ya nini? Akiuliza, nitajibu nini?"

"Barua ilikuwa yako, Kocha."

"Na pasi ilikuwa yako."

Alisema bila ukali. Akanipa mihogo ya kumpelekea mama, akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Sikuweza kumchukia, na hilo nalo sijamsamehe.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Magesa alikuwa anavaa buti zake ili awahi getini.

"Msafiri!" akaniita. "Kocha hajambo? Bado anabishana?"

Nikakaa kitandani kwangu, nikamwambia. Nilimwambia kwa mfululizo, bila kupumzika, barua, makaa, swali aliloniuliza na jibu nililompa. Buti moja ilikuwa mguuni, nyingine mkononi.

"Waliandika 'mchezaji mmoja'?" akauliza.

"Waliandika jina."

"Magesa tu?"

"Jina lote. Na la baba."

"Na namba?"

"Namba nane."

Nje vibarua wenzake walipita wakimwita, mara mbili, kisha wakaacha. Asiyefika getini kabla ya kengele hachaguliwi, na kengele haikuwa mbali. Kuhusu mimi hakusema neno, na mpaka leo hajasema. Aliiweka buti chini polepole, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Anza tena," akasema. "Tangu pale barua inapomsalimia Kocha."

Nikaanza tena.